Randi Tano za Mbahe: Kumkumbuka Mwana na Kaka Aliyekataa Kuchangia Kifo cha Jirani



Kila tarehe 1 Februari Kanisa la kusini mwa Afrika humkumbuka mtu ambaye hakuwa padre wala mtawa. Hakuacha vitabu, wala hakuhubiri katika miji mikubwa. Alikuwa mwana wa kwanza wa mama yake, kaka wa wadogo zake, mume, baba wa watoto wanane, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi kijijini. Jina lake ni Mwenyeheri Benedict Daswa. Wengi wetu tumesikia habari zake kwa ufupi tu, kwamba aliuawa kwa sababu ya imani. Hayo ni kweli. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeyaona mavuno bila kulitazama shamba. Maoni yetu katika makala hii ni kwamba kifo chake hakieleweki bila maisha yake ya nyumbani, na kwamba uaminifu wake kwa mama yake na wadogo zake ndio uliomfundisha haki aliyoitetea mbele ya kijiji kizima.

Mzaliwa wa kwanza

Alizaliwa tarehe 16 Juni 1946 katika kijiji cha Mbahe, nchi ya Wavenda, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Limpopo, Afrika ya Kusini. Walimwita Tshimangadzo Samuel. Jamaa yake walikuwa Walemba, kabila dogo linaloishi kati ya Wavenda na lenye desturi zinazofanana na zile za Wayahudi, kama vile tohara na kutokula nguruwe. Utotoni alichunga mifugo kama watoto wengine wa kijiji, na alijifunza mapema kuipenda kazi ya mikono na bustani.

Baba yake alipofariki, mzigo wa nyumba ulimwangukia yeye. Tunaijua sote hali hiyo. Mzaliwa wa kwanza anapobaki yatima wa baba, macho yote humgeukia yeye: mama anamtazama, wadogo wanamtazama, na watu wa ukoo hungoja waone kama atasimama au atakimbilia mjini na kusahau. Huyu alisimama. Alibeba jukumu la wadogo zake, akawasaidia kwa fedha katika masomo yao na kuwatia moyo wasiiache shule. Aliona wazi kwamba urithi mkubwa ambao kaka aweza kumpa mdogo wake ni elimu, na urithi huo alihakikisha wameupata.

Imani ya Kikatoliki aliipata akiwa kijana, kwa njia ya urafiki alioupata alipokwenda Johannesburg wakati wa likizo. Aliporudi nyumbani alifundishwa dini na katekista Benedict Risimati kwa muda wa miaka miwili, akabatizwa tarehe 21 Aprili 1963. Jina la Benedict alilichagua yeye mwenyewe, kwa heshima ya mtakatifu abati na kwa heshima ya katekista wake. Enyi makatekista mnaofundisha watoto wachache chini ya mwembe, huku mkijiuliza kama kazi yenu ina maana, litafakarini jambo hili: leo ulimwengu unamheshimu mwanafunzi mmoja wa katekista wa kijijini.

Mume, mwalimu na jirani

Mwaka 1974 alioa. Katika nyumba yake alifanya mambo yaliyowashangaza wanaume wenzake. Alichota maji, alikusanya kuni, alifua nguo za watoto, alimsaidia mkewe katika kazi ambazo desturi ilisema ni za wanawake. Wako waliomcheka. Yeye hakuona aibu, kwa kuwa hakuihesabu ndoa kuwa kiti cha kifalme cha mume.

Alikuwa mwalimu, na mwaka 1979 akawa mkuu wa shule ya msingi ya Nweli. Mtoto alipokosekana shuleni, alikwenda nyumbani kwao kujua sababu. Aliyekosa ada alimpa kazi katika bustani yake ili aipate kwa jasho lake, bila kuombaomba. Mazao ya bustani hiyo aliwagawia wenye shida. Alishiriki kwa mikono yake kulijenga kanisa la kwanza la Kikatoliki huko Nweli, aliwaongoza vijana, na padre alipokosekana aliongoza ibada ya Dominika.

Aliwapenda vijana, na aliwaanzishia timu ya mpira. Timu ilipoanza kushindwa, wachezaji walitaka kutafuta dawa ya ushindi kwa mganga. Wapenzi wa mpira katika nchi zetu hawahitaji kuelezwa: hapa kwetu tunaiita kwa heshima kubwa “kamati ya ufundi”. Benedict alikataa. Waliposhikilia neno lao, aliwaachia timu, akaanzisha nyingine. Tuzingatie jambo hili dogo. Mtu hajifunzi kukataa siku ya hatari kubwa. Hujifunza katika mambo madogo, uwanjani, dukani, ofisini, nyumbani, mpaka kukataa uovu kunakuwa desturi yake.

Mchango wa randi tano

Kuanzia Novemba 1989 mvua kubwa na radi ziliiandama sehemu ile. Radi ilipiga nyumba kadhaa za nyasi. Mwishoni mwa Januari 1990 ilipiga tena. Hofu ikawajaa watu. Mkuu wa kijiji aliliita baraza lake, na baraza likaamua kwamba kuna mchawi anayetuma radi, na kwamba ni lazima atafutwe. Kila mmoja angetoa randi tano ili alipwe mganga wa kumfichua.

Benedict aliwasili uamuzi ukiwa umekwisha kupita. Hata hivyo alisema. Aliwaeleza kwamba radi ni jambo la maumbile. Alipoona hawamsikii, alitamka waziwazi kwamba imani yake haimruhusu kushiriki, na kwamba hatatoa fedha hiyo.

Randi tano wakati ule zilikuwa kama dola mbili za Marekani. Mwalimu mkuu mwenye mshahara, gari na nyumba ya matofali angeweza kuzitoa bila hata kuzihesabu. Angeweza kujiambia moyoni, “Mimi siamini mambo haya, lakini natoa ili nisionekane mbaya.” Ni wangapi kati yetu tumekwisha kusema hivyo? Lakini yeye aliuona mwisho wa fedha ile. Mganga akilipwa, lazima amtaje mtu. Hawezi kupokea fedha ya kijiji kizima kisha akasema, “Ni mawingu tu.” Na atakayetajwa hatakuwa tajiri wala mwenye nguvu. Atakuwa bibi kizee mjane, au mzee asiye na watoto wa kumtetea, au jirani aliyegombana na wenzake. Akishatajwa, atafukuzwa, au nyumba yake itachomwa moto, au atauawa. Kwa hiyo mchango ule ulikuwa bei ya damu ya mtu ambaye jina lake lilikuwa bado halijajulikana. Benedict alikataa kuchangia kifo cha mtu asiyemfahamu. Huenda angetajwa adui yake. Hata huyo alikataa auawe.

Hapa ndipo maisha ya nyumbani yanapokutana na ushahidi wa imani. Mwana aliyemtunza mama mjane angewezaje kulipa fedha ili mama wa mwingine apigwe mawe? Kaka aliyewasomesha wadogo zake angewezaje kuufadhili ujinga? Yale aliyoyatenda sebuleni kwake ndiyo aliyoyasema barazani.

Usiku wa tarehe 2 Februari

Tarehe 2 Februari 1990 ilikuwa sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Siku hiyohiyo, huko Cape Town, Rais F. W. de Klerk alilitangazia bunge kwamba vyama vya ukombozi vilivyopigwa marufuku vitakuwa huru, na kwamba Nelson Mandela atafunguliwa. Nchi nzima ilizungumzia uhuru.

Siku ile Benedict alimpeleka shemeji yake na mtoto mgonjwa kwa daktari. Njiani wakati wa kurudi alimpakia mtu aliyebeba mfuko mzito wa unga, akampeleka hadi kijijini kwake. Alipokuwa akirudi nyumbani gizani, alikuta barabara imezibwa. Alishuka ili aondoe vizuizi. Kundi la vijana na watu wazima lilitoka mafichoni likamshambulia kwa mawe. Akivuja damu, alikimbia akavuka uwanja wa mpira, akatafuta kimbilio katika nyumba ya mama mmoja. Waliomfuata walimtisha mwenye nyumba mpaka wakampata. Mtu mmoja alikuwa na rungu. Benedict aliomba, akiiweka roho yake mikononi mwa Mungu, nalo rungu likampasua kichwa. Kisha wakammwagia maji yaliyochemka. Alikuwa na umri wa miaka 43. Watoto wake walikuwa saba, na mkewe alikuwa mjamzito wa mtoto wa nane.

Alizikwa tarehe 10 Februari. Mapadre walivaa mavazi mekundu, rangi ya mashahidi. Kesho yake, tarehe 11, Mandela alitoka gerezani. Hivyo katika juma moja nchi ile iliona milango miwili: mlango wa gereza ukifunguka na mlango wa kaburi ukifungwa. Siasa iliweza kuufungua ule wa kwanza. Lakini ipo minyororo ambayo tangazo la rais haliifungui, nayo ni minyororo ya hofu iliyo mioyoni mwetu.

Watu kadhaa walikamatwa kwa mauaji hayo, lakini kesi haikuendelea kwa kukosekana kwa ushahidi. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa. Tarehe 13 Septemba 2015, huko Tshitanini, Kardinali Angelo Amato, kwa niaba ya Papa Fransisko, alimtangaza Benedict Daswa kuwa Mwenyeheri mbele ya maelfu ya waamini. Mama yake mzazi, akiwa na umri uliopita miaka 90, alikuwapo. Miaka 25 alikuwa ameishi na jeraha la kumzika mwana aliyekuwa nguzo yake.

Je, alikosea?

Tusikwepe maswali magumu. Wako watakaouliza: Je, huyu hakuvunja umoja wa kijiji? Baraza lilikuwa limekwisha kuamua. Sisi Waafrika tunaheshimu shauri la wazee, na mtu anayejitenga na mchango wa pamoja huonekana mwenye kiburi. Jibu letu ni kwamba umoja ni zawadi njema pale unapojenga. Umoja wa kuchimba kisima ni umoja. Umoja wa kumtafuta wa kumuua ni njama, hata kama umepitishwa na baraza na kuandikwa katika daftari. Amani inayonunuliwa kwa maisha ya mnyonge si amani, ni ukimya wa muda mpaka radi nyingine ipige na mnyonge mwingine atafutwe.

Swali la pili linauma zaidi. Je, mtu mwenye mke na watoto alikuwa na haki ya kujihatarisha hivi? Kama kweli aliipenda familia yake, si angetoa randi tano akarudi nyumbani salama? Hatutaki kulijibu swali hili kwa wepesi, maana waliolipa gharama ni mjane, yatima na mama mzee. Lakini tuseme hivi. Benedict hakukitafuta kifo. Alikuwa akitoka kumhudumia mtoto mgonjwa na kumsaidia mtu mwenye mzigo. Waliovunja nyumba yake ni wauaji, si dhamiri yake. Tena, mzazi hawalishi watoto wake ugali tu, huwalisha pia mfano wake. Lawama yote iende inakostahili, yaani kwa wale waliorusha mawe, na pia kwa wale walioujua mpango wakanyamaza.

Swali la tatu huulizwa kwa sauti ya chini: Je, uchawi si upo? Kanisa halisemi kwamba uovu haupo. Linasema kwamba Kristo ameushinda, na kwamba mwenye kumtumaini hana haja ya hirizi wala ramli. Radi nayo ina maelezo yake. Ni umeme unaotokana na mawingu ya mvua, nao hupenda kushukia kilicho kirefu au kilichosimama peke yake: mti, nguzo, paa la nyumba iliyo kilimani. Fimbo ya chuma iliyowekwa juu ya paa na kuunganishwa na ardhi huipeleka chini bila madhara. Kama radi ingetumwa na bibi kizee, kipande cha chuma kingewezaje kuizuia?

Mambo haya ni yetu pia

Asidhani mtu kwamba tunasimulia habari za mbali. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, wanawake wazee wengi wameuawa kwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyowekundua kwa moshi wa jikoni, walipokuwa wakiwapikia watoto na wajukuu walewale ambao baadaye walinyamaza. Tangu mwaka 2007 dunia imesikia jinsi watu wenye ualbino walivyouawa au kukatwa viungo kwa ahadi za uongo za utajiri. Nchini Kenya, Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa moto katika nchi ya Wakisii kwa kudaiwa kuwa wachawi. Katika vijiji vingine huitwa wale wanaojulikana kama lambalamba au kamchape waje kufichua wachawi, na kila kaya hudaiwa mchango. Yaani randi tano za Mbahe hukusanywa kwetu kwa shilingi.

Na tuseme ukweli wenye uchungu: katika orodha za waliochangia, majina yetu ya ubatizo yamo. Tunatoa zaka Dominika, na siku ya kazi tunatoa cha mpiga ramli. Tena mara nyingi nyuma ya ramli hizo chonganishi limejificha shamba la urithi. Mjane anaitwa mchawi kwa sababu ana ekari mbili ambazo shemeji zake wanazitamani. Aliyefanikiwa anaitwa mchawi kwa sababu ana nyumba ya matofali. Hapa dhambi ya hofu inaoana na dhambi ya tamaa, nazo huzaa mauti.

Sheria ziko. Tanzania ina Sheria ya Uchawi ya tangu 1928, na Kenya ya tangu 1925. Kumwita mtu mchawi ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani. Lakini sheria isiyo na shahidi ni upinde usio na mshale. Kama ilivyokuwa Mbahe, kesi hufa kwa sababu wote waliona na wote “hawakuona”.

Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, kila kamati ya Haki na Amani ya parokia iwajue kwa majina wazee wanaoishi peke yao, wajane wenye migogoro ya ardhi, na familia zenye watoto wenye ualbino. Jumuiya Ndogo Ndogo iwatembelee hadharani na mara kwa mara, ili kijiji kijue kwamba mzee huyu ana wenyewe. Muuaji humtafuta mtu asiye na ndugu. Tuwe ndugu.

Pili, viongozi wa walei wakubaliane mapema, kabla ya mvua, kabla ya msiba, kwamba hakuna Mkristo atakayetoa mchango wa ramli. Mtu mmoja akikataa peke yake anakuwa kama Benedict gizani. Hamsini wakikataa pamoja, mganga anakosa mshahara na kijiji kinapata usingizi.

Tatu, tuwasaidie vijana wetu kujua sababu za radi, za homa ya malaria, za vifo vya watoto wachanga. Walimu Wakatoliki wasione haya kuyasema haya katika mikutano ya vijiji. Na mahali radi inapopiga mara kwa mara, fedha ile ya kumwita mpiga ramli ikusanywe kwa ajili ya kuweka kinga ya radi shuleni na kanisani.

Nne, aliyeshuhudia aseme. Na parokia isimame pamoja naye, impe mahali pa kulala akitishwa, imsindikize mpaka mahakamani.

Mwisho, turudi nyumbani tulikoanzia. Usingoje siku ya baraza ili uwe mtu wa haki. Mwulize mama yako amekula nini. Mlipie mdogo wako ada. Mchotee mkeo maji. Mtendee haki mjane wa ndugu yako. Mtu aliyezoea kubeba mzigo wa wenzake nyumbani hatakubali kumtwika mnyonge mzigo wa kifo. Huyo ndiye Benedict Daswa tunayemkumbuka, mwana na kaka mwaminifu. Alipoombwa randi tano alizikataa, na uhai wake akautoa.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Je, katika kijiji au mtaa wetu yupo mtu anayenong’onwa kuwa ni mchawi? Ni nani, kati yetu, aliyemtembelea mwezi huu?
2. Je, tumewahi kutoa mchango tukijua kwamba utamdhuru mtu? Tulijitetea kwa maneno gani?
3. Ni jambo gani dogo la nyumbani, kazini au shambani ambalo kwalo tunaweza kuanza leo kujifunza kukataa uovu?